Kistari Kilichorukwa

Ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nthenya Kimanzi aliisoma akiwa amesimama dirishani, mkono mmoja mfukoni, kwa sababu mikono yote miwili ingekuwa huru angeichana.

Ilisema uchunguzi umebaini kwamba kosa lilitokea wakati wa kuandika ujumbe. Ilipendekeza Rosebella, mhudumu wa afya wa kujitolea, aondolewe katika kazi ya kuandaa ujumbe "ili kulinda ubora". Chini kulikuwa na nafasi mbili za saini. Ya kwanza ilikwisha kujazwa kwa wino wa buluu: Jeremy, mkurugenzi. Ya pili ilikuwa tupu, na chini yake jina la Nthenya limepigwa chapa vizuri, pamoja na cheo ambacho hakuna aliyewahi kumwita nacho.

"Weka tu hapo tumalizane," Jeremy alisema. "Kesho saa nne tuko na Daktari Wangila. Akiona tushatoa ripoti, hiyo stori imeisha."

"Uchunguzi," Nthenya alisema. "Ulichunguza lini?"

"Nthe, maze, usianze."

Alikuwa ameanza tangu Ijumaa.

Ijumaa hiyo, Aluoch, mwanamke anayefulia watu nguo na anayeishi mtaa wa Gatwekera, aliingia katika zahanati ndogo ya Kisumu Ndogo na kuweka simu yake juu ya meza kama mtu anayeweka ushahidi. Majuma matano kabla, binti yake wa miaka mitatu, Seline, alivuta sufuria ya uji kutoka juu ya jiko na mkono wake wa kulia ukaungua hadi kifundoni. Zahanati iliusafisha, ikaufunga, na jioni simu ya mama ikapokea ujumbe: *Usifungue bandeji nyumbani. Rudi zahanati baada ya siku 23.*

Aluoch si mtu wa kupuuza maagizo. Kila asubuhi alichora mstari mmoja wa mkaa kwenye ukuta wa udongo, juu ya kitanda. Jirani alipomwambia bandeji inanuka, alimjibu kwamba hiyo ni harufu ya dawa. Siku ya kumi na moja mtoto alichemka kwa homa, na Aluoch akaona afadhali agombezwe kwa kuwahi. Bandeji ilipofunguliwa, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeshikana, na katikati yake pameoza. Katika hospitali kubwa alikopelekwa mtoto, mtu ambaye hakuuliza lolote aliandika kwenye kadi: *Mama alichelewa kumrudisha mtoto.*

Muuguzi wa zahanati alikuwa ameagiza siku 2–3.

Nthenya, aliyeitwa zahanati siku hiyo hiyo, alijua kosa liko wapi kabla Aluoch hajamaliza kusimulia. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote, kwamba hakuhitaji kutafuta.

Ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Kawangware, babake akiwa amekuja kutoka Kitui na sanduku la randa na misumeno, na bado anakaa hapo hapo Gatina, orofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Alisomea kompyuta katika chuo cha jioni huku mchana akiuza kadi za simu. Miaka minane iliyopita yeye na Jeremy, kijana wa Kisumu Ndogo mwenye mdomo mtamu kwa wafadhili, walianzisha programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha dawa na miadi. Jeremy alitafuta pesa. Nthenya aliandika programu yote, mstari kwa mstari, na anaifahamu kama mtu anavyofahamu ngazi za nyumbani kwake wakati stima zimepotea.

Kosa lenyewe ni rahisi kueleza, ukipata wa kukusikiliza. Kompyuta haijui herufi. Inajua nambari tu, na kuna jedwali linaloiambia nambari hii ni A, ile ni koma, ile nyingine ni kistari. Tatizo ni kwamba majedwali ni mengi. Rosebella alikuwa akinakili maagizo kutoka kwenye hati ya muuguzi, ndani ya saiba, duka la intaneti lenye kompyuta kuukuu za msaada, na kuyabandika moja kwa moja katika faili za programu, kisha faili zikaletwa ofisini Kawangware kwa flashi. Hivyo ndivyo walivyoanza walipokuwa hawana kitu, na hivyo ndivyo walivyoendelea walipokuwa nacho. Kompyuta za saiba zilihifadhi faili kwa jedwali la zamani. Sava ya Nthenya, kompyuta inayotuma ujumbe, ilizisoma kwa jedwali linalotumika sasa karibu kila mahali, liitwalo UTF-8. Herufi za kawaida na tarakimu zinafanana katika majedwali yote mawili, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miezi asione tofauti. Kile kistari kirefu cha kwenye hati ya muuguzi hakifanani. Katika jedwali la zamani ni nambari 150. Katika jipya, nambari hiyo ikisimama peke yake haina maana yoyote.

Programu inapokutana na nambari isiyo na maana, kwa kawaida husimama na kulalamika. Ya kwao haikulalamika, kwa sababu miaka miwili kabla mtu aliiambia: ukikuta usichokijua, ruka, endelea. Ni neno moja tu, katika mstari wa 88. Aliyeliandika ni Nthenya.

Hakuliandika kwa kupenda, na hilo halikumpunguzia kitu. Wakati huo Kathini, mama wa Kawangware aliyekuwa akisaidia kina mama wa Kikamba, alipiga simu kusema kwamba ujumbe wa Kikamba unafika umetobolewa, herufi zenye alama juu hazipo. Nthenya alikaa siku mbili akaandika kanuni ya kurasa mbili. Kila faili ihifadhiwe kwa UTF-8, bila kubagua lugha. Ile alama ya siri ambayo programu za zamani huibandika mwanzoni mwa faili iondolewe. Na faili yoyote ambayo haijafuata kanuni ikataliwe mlangoni, kwa kelele, ikitajwa jina na mstari, wala ujumbe wake usitumwe. Hiyo ya mwisho aliipigia mstari mara mbili.

Jeremy alisoma aya ya kwanza kwenye simu, akicheka.

"Wakamba wataelewa tu. Kwani mkiongea hizo alama huwa mnazitamka?"

"Tunazitamka, ndiyo."

"Sasa ukikataa faili za saiba, nani ataandika? Wewe? Wafadhili wanauliza ujumbe ngapi zimeenda, hawaulizi zimeandikwa na jedwali gani. Tafuta njia iendelee."

Naye akatafuta njia. Alilipachika lile neno siku ya Jumatano, akiwa amekasirika, na akajiambia ni kwa muda. Ujumbe ulitoka. Idadi ikapanda. Kathini aliacha kupiga simu, na Nthenya akachukulia kwamba ameridhika. Kanuni ya kurasa mbili ilibaki katika folda iitwayo *Baadaye*.

Sasa alikunja ripoti mara nne na kuitia mkobani.

"Hujasaini," Jeremy alisema.

"Umeona vizuri."

"Nthe, sikiza. Huyu Rosebella ni wa kujitolea, sawa? Hana mkataba. Hapotezi kazi, anapoteza posho kidogo. Sisi tukichafuka, zahanati sita zinafunga. Unapiga hesabu?"

"Rosebella aliandika mbili, kistari, tatu. Kwa mashine yake inaonekana sawa mpaka leo. Nenda saiba ufungue, utaona."

"Nani atajua hiyo?"

"Wewe unajua."

Jeremy alichukua kalamu yake ya buluu, akaitia mfukoni taratibu, kama mtu anayehofia itaibwa.

Njia ya Nthenya ya kurudi nyumbani inapita mbele ya karakana ya babake. Mzee Kimanzi alikuwa akipanga tepu zake za kupimia juu ya meza, nne, ubavu kwa ubavu, kama afanyavyo kila Jumatatu. Zamani kila fundi wake alikuja na tepu yake ya kununua barabarani. Kisha mlango wa kanisa ulikataa kuingia kwenye fremu mbele ya mchungaji na waumini, kwa sababu tepu moja ilikuwa na ncha iliyopinda na aliyeishika alijua lakini akanyamaza. Kimanzi alizikusanya tepu zote akazikata kwa mkasi wa mabati, na akanunua mpya za aina moja. Ubao uliopimwa kwa tepu nyingine haukatwi katika karakana yake hata kama mteja analia.

"Mwaitu," alimwita. Amemwita hivyo tangu utotoni, yaani "mama yangu" kwa Kikamba, kwa kuwa Nthenya alipewa jina la mama wa Kimanzi. "Uso huo umekasirikia nani?"

"Watu wengi, Baba."

"Na wewe umo?"

Hakutarajia swali hilo, na alikasirika zaidi kwa kuwa lilimfika sawasawa. "Nimo," alisema.

"Basi anza na huyo. Wengine hawatakimbia."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi alifungua mstari wa 88 akafuta lile neno. Mahali pake aliandika amri ya kukataa, pamoja na maelezo ambayo mtu wa saiba angeyaelewa: *Faili hii haijahifadhiwa kwa UTF-8. Angalia mstari huu. Ujumbe hautatumwa.* Akaiwasha programu. Kati ya faili sitini na mbili, ilikataa arubaini na moja. Ziliteremka kwenye kioo moja baada ya nyingine, nyekundu, na kila moja ina mstari wake: kipimo cha dawa ya kikohozi, siku za kliniki ya wajawazito, nyuzi za joto la mtoto. Alizisoma zote. Katika faili tatu alipata nambari mbili zilizokuwa zikigandana kama zile za Seline. Hakuna aliyejua zilikuwa zimemfikia nani.

Kikao kilikuwa katika chumba cha nyuma cha zahanati. Wangila, tabibu msimamizi ambaye kila mtu humwita daktari, aliketi kwenye kreti. Rosebella alikaa karibu na mlango, daftari lake limefunguliwa mapajani, ukurasa wenye ile *2–3* umewekewa kidole. Alivaa nguo ya kanisa. Ilikuwa wazi kwamba amejiandaa kufukuzwa akiwa nadhifu.

"Tumeshafanya ripoti, Daktari," Jeremy alianza. "Ni kosa la kuandika, lakini tumeweka hatua..."

"Si kosa la kuandika," Nthenya alisema.

"Nthe."

"Si kosa la kuandika, Daktari. Rosebella aliandika sawa. Programu ilikuta kile kistari haikijui, ikakiruka, mbili na tatu zikashikana. Niliiambia iruke mimi. Miaka miwili iliyopita. Jeremy alikataa kanuni, akaniambia nitafute njia, nikaiweka hiyo."

Nje mama mmoja alikuwa akibishana na muuza dagaa wa omena juu ya kipimo.

"Wewe unatuua," Jeremy alisema kwa sauti ya chini. "Unatuua mbele ya mteja."

"Leo asubuhi nimeondoa hilo neno. Faili arubaini na moja zimekataliwa. Hakuna ujumbe hata mmoja unatoka mpaka zirekebishwe."

"Umezima sava?" Jeremy alisimama. "Bila kuniuliza? Kuna ripoti ya mwezi! Kuna watu elfu tatu wanangoja..."

"Wanangoja nini, Jeremy? Siku ishirini na tatu?"

Wangila aliinua mkono. Ni mtu mzito wa maneno. "Hizo arubaini na moja," alisema, "ni wagonjwa wangu?"

"Wako na wa zahanati zingine tano."

"Basi zikae zimezimwa. Rosebella na wenzake watapigia watu simu mmoja mmoja, kama zamani. Na nyinyi mtalipia hizo simu." Alimgeukia Jeremy. "Hiyo ripoti yako nipe."

Jeremy alitazama huku na huku. Ripoti ilikuwa katika mkoba wa Nthenya. Aliitoa, ikiwa bado imekunjwa mara nne, akampa tabibu, ambaye aliisoma hadi mwisho, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, kisha akampa Rosebella.

"Hii ni yako," alisema. "Ukitaka kuwashia jiko."

Jeremy alitoka bila kuaga. Nthenya alidhani sasa Rosebella angesema asante, na akajichukia kwa kulingojea neno hilo. Rosebella alifunga daftari.

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

"Ulikuwa unajua inaruka vitu."

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nakuletea flashi kila Ijumaa. Unaniambia 'sasa Rosebella', tunacheka, unaninunulia soda. Hata siku moja hukusema, Rosebella, hiki kitu yetu inakula maneno, soma tena." Sauti yake haikupanda. "Tangu Ijumaa nimekuwa nikiangalia hii karatasi. Nilidhani nimerogwa. Naona nimeandika mbili tatu, naambiwa nimeandika ishirini na tatu. Nikaanza kuuliza bwanangu kama macho yangu iko sawa."

"Pole."

"Pole weka. Twende kwa Mama Seline."

Walitembea hadi Gatwekera, Rosebella akitangulia. Njiani simu ya Nthenya ililia mara moja. Ujumbe wa Jeremy ulikuwa mfupi: *Usikuje ofisi kesho.* Aliusoma akaurudisha mfukoni. Ulikuwa umefika salama, herufi zote zipo.

Rosebella alimfikisha mlangoni akaishia hapo. "Mimi nishaomba msamaha kwa kitu sikufanya," alisema. "Sasa ni wewe."

Aluoch alikuwa akikamua shuka juu ya beseni. Seline aliketi kizingitini, mkono wa kulia umefungwa upya hadi kiwikoni, akila ugali kwa wa kushoto bila kuangalia mtu. Ndani, juu ya kitanda, mistari kumi na moja ya mkaa ilionekana hata kutoka nje.

Nthenya alieleza. Hakutaja jedwali wala UTF-8. Alisema muuguzi aliandika mbili hadi tatu, Rosebella akaandika mbili hadi tatu, na mashine ikafuta kilichokuwa katikati kwa sababu yeye aliiambia ifute isichokijua.

Aluoch hakuacha kukamua hadi shuka ikaisha maji.

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe."

"Na si Rosebella."

"Si yeye."

"Ni wewe."

"Ni mimi. Boss wangu alitaka hivyo, lakini mkono ni wangu."

"Mimi nilitii," Aluoch alisema. "Unajua? Watu wa hapa wote wananiambia fungua hiyo kitu, nami nasema hapana, kliniki imesema. Kumi na moja nimechora. Nikaenda hospitali wakaniangalia kama mtu amechoma mtoto makusudi. Wameandika nimechelewa. Hiyo kadi Seline ataenda nayo mpaka awe mkubwa." Aliitupa shuka kwenye kamba. "Pole yako siwezi kuiweka kwa kadi. Andika."

Alichana ukurasa katika daftari la shule, akaleta kalamu, na kumpindulia ndoo aitumie kama meza. Nthenya aliandika kwamba mama wa mtoto huyu hakuchelewa, bali alifuata ujumbe uliofika ukiwa na nambari isiyo sahihi kutokana na hitilafu ya mfumo.

Aluoch alisoma, kidole chini ya kila neno.

"Mfumo ni nani?"

"Ni ile programu..."

"Wakiniuliza mfumo anakaa wapi, niseme wapi?"

Nthenya alisoma tena alichoandika. Hiyo ilikuwa lugha ya ripoti ya Jeremy, na ilimtoka yeye, kwa mwandiko wake, siku moja tu baada ya kukataa kuitia saini. Alikata *kutokana na hitilafu ya mfumo* kwa mistari mizito hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Juu yake akaandika: *nambari hiyo niliiharibu mimi, Nthenya Kimanzi, wa Gatina, Kawangware.*

"Namba ya simu," Aluoch alisema. "Na tarehe."

Aliandika vyote viwili. Aluoch alikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya hospitali, akaufunga fundo. Hakumwambia karibu chai.

"Alhamisi tunarudi hospitali kuangaliwa kama vidole vitapasuliwa," alisema. "Saa mbili asubuhi uko hapa. Utawasomea hiyo barua kwa mdomo wako, nami nitasimama kando, na hiyo kitu kwa kadi itakatwa. Ukikosa, nitakuja Gatina na huyu mtoto niketi mlangoni kwako."

"Nitakuja."

"Ni siku ngapi kutoka leo?"

"Mbili."

"Sema vizuri."

"Siku mbili, Mama Seline."

Aluoch aliokota kipande cha mkaa kando ya jiko, akaingia ndani, akapanda juu ya kitanda. Pembeni kidogo ya ile mistari kumi na moja, bila kuigusa, alichora miwili, mirefu, akikandamiza kwa nguvu hadi vumbi la udongo likamwagika juu ya mto.